Njia ya Kuzaliwa, Maziwa ya Mama na Afya ya Baadaye: Tupime kwa Mizani Moja

Miongoni mwa maswali ambayo wazazi huwauliza wataalamu wa afya, moja hurudiwa mara kwa mara: je, mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji huwa na afya dhaifu kuliko yule aliyezaliwa kwa njia ya kawaida? Swali hili si la kupuuzwa. Wapo waja wazito wanaoshauriwa na daktari wakubali upasuaji, nao husita kwa hofu kwamba mtoto atakuwa mgonjwa maisha yake yote. Wapo pia wanaouomba upasuaji pasipo sababu yoyote ya kitabibu, wakidhani kwamba kisu hakina gharama. Wa kwanza huenda wakapoteza uhai wa mama au wa mtoto. Wa pili hujitia katika hatari isiyo ya lazima. Makala hii yakusudia kutenganisha yale yaliyothibitishwa na yale ambayo bado ni dhana, na kisha kutoa maoni juu ya wajibu wetu.

Wakazi wa kwanza wa utumbo

Mara tu mtoto azaliwapo, utumbo wake huanza kukaliwa na bakteria. Wengi wao si maadui. Husaidia kumeng'enya chakula, hutengeneza baadhi ya vitamini, huwanyima makao vijidudu wa maradhi, na zaidi ya yote huufundisha mfumo wa kinga ya mwili kupambanua adui na rafiki. Kinga isiyofundishwa vema yaweza kupigana na vumbi au chakula kana kwamba ni sumu. Ndipo mtu hupatwa na maradhi kama vile pumu na ukurutu.

Mwaka 2010, Maria Dominguez-Bello na wenzake walichapisha uchunguzi mdogo uliofanywa nchini Venezuela kwa akina mama 9 na watoto wao 10. Waliozaliwa kwa njia ya kawaida walikutwa na bakteria wanaofanana na wale wa uke wa mama. Waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa na bakteria wa jamii ya wale wakaao juu ya ngozi. Mwaka 2019, uchunguzi mkubwa zaidi wa watoto karibu 600 nchini Uingereza ulionyesha kwamba watoto wa upasuaji walipungukiwa na bakteria wa kundi la bakteroidi, na kwamba baadhi yao walibeba bakteria wa aina ipatikanayo hospitalini. Hata hivyo, uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba ilipofika miezi 6 hadi 9 tofauti nyingi zilikuwa zimepungua sana, isipokuwa ile ya bakteroidi.

Kufuatana si kusababisha

Je, tofauti hizo huleta maradhi? Mwaka 2015, watafiti wa Denmark walitoa matokeo yaliyohusu watoto wapatao milioni 2 waliozaliwa kati ya 1977 na 2012. Waliozaliwa kwa upasuaji walipatwa zaidi na pumu, maradhi sugu ya utumbo na baridi yabisi ya utotoni. Kwa upande wa pumu, tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja huonyesha ongezeko la kiasi cha moja ya tano. Tuchukue mfano: iwapo katika watoto 100 waliozaliwa kwa njia ya kawaida 10 wataugua pumu, basi katika 100 wa upasuaji wataugua wapatao 12. Ongezeko lipo, lakini watoto 88 kati ya hao 100 hawataugua.

Tena yatupasa kutahadhari. Mama afanyiwaye upasuaji aghalabu alikuwa na sababu: shinikizo la damu, unene wa kupindukia, au mtoto aliyechoka tumboni. Hupewa antibiotiki, na mara nyingi mtoto wake huchelewa kunyonya. Katika mambo hayo yote, lipi ndilo lililoleta pumu? Takwimu za namna hii hutuambia kwamba mambo mawili hufuatana; hazituambii peke yake kwamba moja limemzaa mwenziwe. Kwa hiyo anayemtisha mama mwenye uchungu pingamizi kwa hoja ya bakteria hakuitendea haki sayansi.

Ushahidi wa maziwa

Kwa upande wa maziwa ya mama ushahidi ni imara zaidi. Baada ya laktosi na mafuta, kitu kigumu kilicho kingi zaidi katika maziwa hayo ni aina za sukari ziitwazo oligosakaridi. La ajabu ni kwamba mtoto hawezi kuzimeng'enya. Sukari hizo ni chakula cha bakteria, hasa wale wa kundi la bifido. Ni kana kwamba mama anawalisha wageni wema wa utumbo wa mwanawe ili wasiondoke. Dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo, yamejaa pia chembe za kinga. Na bado wapo wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani ni machafu.

Nchini Belarus, watafiti waliwaandikisha akina mama 17,046 na watoto wao katika miaka ya 1996 na 1997. Hospitali ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zilitoa mafunzo ya pekee ya unyonyeshaji, nyingine ziliendelea na desturi zake. Katika mwaka wa kwanza, watoto waliopata kuharisha kwa maambukizo walikuwa asilimia 9.1 katika kundi la mafunzo na asilimia 13.2 katika kundi lingine. Ukurutu nao ulipungua karibu kwa nusu. Lakini watoto hao walipofikisha umri wa miaka sita na nusu, hapakuonekana upungufu wa pumu wala wa unene. Basi tusiyapambe maziwa ya mama kwa sifa yasizozihitaji. Katika nchi ambamo kuharisha bado huua watoto, sifa hiyo moja yatosha.

Wajibu wetu

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba, kwa jamii nzima, upasuaji ukizidi asilimia 10 ya uzazi hauonekani kupunguza zaidi vifo vya akina mama na watoto wachanga. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulipata asilimia 6, na ule wa 2022 asilimia 11. Wastani huo huficha mengi: yuko mama wa mjini anayepasuliwa pasipo haja, na yuko wa kijijini anayekufa kwa kuukosa upasuaji. Tukumbuke pia kwamba utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta mama 1 kati ya kila 200 waliofanyiwa upasuaji wa uzazi akifariki. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoutumia ovyo, kabla hata ya kuwataja bakteria.

Maoni yangu ni haya. Mara nyingi njia ya kuzaliwa haichaguliwi. Huamuliwa na hatari iliyopo. Maziwa yatakayofuata ndiyo tunayoweza kuyapigania. Mama aliyechomwa ganzi ya uti wa mgongo yu macho, naye aweza kumnyonyesha mwanawe ndani ya saa ya kwanza iwapo mkunga atamsaidia. Desturi ya kumtenga mtoto wa upasuaji na kumpa maji ya sukari au maziwa ya kopo huongeza hasara juu ya hasara.

Mkunga peke yake hawezi. Tunamwambia mama anyonyeshe miezi 6 pasipo kumpa mtoto hata maji, ilhali sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa likizo ya siku 84. Saa mbili za kunyonyesha zilizomo katika sheria hiyo hazina maana kwa mama ambaye mtoto wake yuko mwendo wa saa moja na nusu kwa basi. Kadhalika, kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo, zilizotungwa nchini mwaka 1994 kufuatia mwongozo wa kimataifa wa 1981, zahitaji wasimamizi wasiolala.

Mwisho, ni Venezuela, Uingereza, Denmark na Belarus zilizotupa tarakimu hizi. Mtoto wa Kigoma hula, huugua na hupewa dawa kwa namna nyingine. Vyuo vyetu na hospitali zetu hazina budi kuwafuatia watoto wetu tangu kuzaliwa hadi ujana, na kuandika njia waliyozaliwa, walichonyonya na maradhi yaliyowapata. Mpaka hapo, mama aliyeshauriwa upasuaji kwa sababu ya haki akubali pasipo hofu, kisha sote tuhakikishe kwamba mtoto anapata titi.