Fleti ya Mjini Ina Bei Mbili: Tuisome na ya Pili



Anayenunua shati hulipa bei moja akaondoka. Anayenunua fleti katikati ya mji hulipa bei mbili. Ya kwanza huandikwa kwenye tangazo kwa herufi kubwa. Ya pili hukaa ndani ya makaratasi, nayo hulipwa kila mwezi baada ya funguo kukabidhiwa: mahali pa kuegesha gari, bwawa la kuogelea, chumba cha mazoezi, lifti, bawabu wa mlangoni, na paa litakalovuja miaka kumi ijayo.

Msimamo wetu ni huu. Si haki mfanyakazi abebeshwe gharama ya maegesho asiyoyahitaji na anasa asizozitumia, tena bila kuulizwa. Lakini hali kadhalika si busara kuikimbia ada ya kulitunza jengo, kwani ada hiyo ndiyo inayozuia dari lisimwangukie. Mambo haya mawili huchanganywa makusudi katika karatasi moja, na kazi yetu ni kuyatenganisha.

Huenda mwenzetu wa shamba la chai au wa kiwanda cha nguo akauliza: sisi tuna shauri gani na fleti za Marekani? Tunalo. Ndugu zetu wengi wamekwenda huko, wanafanya kazi katika mabohari, hospitali na viwanda vya nyama, na wakipata akiba kidogo huandika barua kutaka ushauri kabla ya kununua nyumba. Zaidi ya hayo, mtindo huo wa kuuza majengo kwa vipande umekwisha kufika kwetu. Tena zile nyumba zinazosifiwa sana huko, ziitwazo lofti, hapo zamani zilikuwa mahali pa kazi ya watu kama sisi.

KIWANDA KILICHOGEUZWA MAKAZI

Tuchukue mji wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota. Kwa kiasi cha miaka hamsini, tangu mwaka 1880 hivi hadi 1930, mji huo ulisaga unga wa ngano kuliko mji wowote duniani. Vinu vilijengwa kando ya mto Mississippi ili kutumia nguvu ya maporomoko ya maji. Tarehe 2 Mei 1878 vumbi la unga lililipuka ndani ya kinu cha Washburn A, na wafanyakazi 18 wakapoteza maisha. Kinu kilijengwa upya, kikasaga hadi mwaka 1965 kilipofungwa. Leo magofu yake ni jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2003. Karibu na hapo, kiwanda cha blanketi cha North Star kimegeuzwa kuwa fleti za kuishi.

Yaleyale yalitokea New York katika mtaa wa SoHo, ambako wasanii walihamia kwenye maghala na karakana zilizoachwa, hata serikali ya mji ikaanza kuwahalalisha mwaka 1971. Chicago nako nyumba za wapiga chapa za mtaa wa Printers Row ziligeuzwa hivyohivyo.

Wauzaji husifu dari refu, madirisha makubwa, kuta za matofali na nguzo nene. Dari lilikuwa refu kwa sababu ya mitambo. Madirisha yalikuwa makubwa kwa sababu mwanga wa jua haulipiwi. Nguzo zilikuwa nene ili zibebe uzito wa mashine. Na kitu kimoja hakikuwekwa kabisa: mahali pa magari. Wafanyakazi wa wakati huo walikwenda kazini kwa miguu au kwa tramu. Kwa hiyo anayekigeuza kiwanda kama hicho kuwa makazi hana budi kuchimba chini, au kujenga jengo jingine la maegesho, au kukodi nafasi mtaa wa pili. Gharama hiyo lazima iangukie mtu, na mara nyingi humwangukia mnunuzi.

NAFASI YA GARI NI ARDHI

Nafasi moja ya gari huko Marekani ni kiasi cha mita 2.7 kwa 5.5. Ukijumlisha na njia ya gari kupita na kugeuka, gari moja linakula karibu mita 30 za mraba. Wako wafanyakazi wengi wanaolea familia katika eneo dogo kuliko hilo. Katika miji yenye uhaba wa ardhi bei hupanda hata kuchekesha: mwaka 2021 huko Hong Kong nafasi moja iliuzwa kwa karibu dola milioni 1.3 za Marekani.

Lakini si ardhi peke yake iliyopandisha gharama. Sheria nazo zilichangia. Mwaka 1923 mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, uliwalazimisha wajenzi wa nyumba za fleti kuweka maegesho. Miji mingine ikafuata, na kwa miaka mingi asiye na gari alilipia nafasi ya gari ndani ya bei ya nyumba yake. Profesa Donald Shoup, aliyefariki mwaka 2025, alieleza jambo hilo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2005: maegesho yaitwayo ya bure si ya bure, gharama yake hufichwa ndani ya kodi za nyumba na bei za bidhaa. Mji wa Buffalo ulifuta masharti hayo mwaka 2017, na Minneapolis mwaka 2021. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka, katika baadhi ya wilaya zake, majengo mapya ya kupanga yatoze maegesho mbali na kodi ya nyumba.

Tunaunga mkono hatua hizo, lakini kwa tahadhari. Kufuta sharti hakumlazimishi mwenye jengo kupunguza bei. Anaweza kuacha kuchimba maegesho na bado akauza fleti kwa bei ileile, faida ikaingia mfukoni mwake. Ndiyo maana tunasema bei ya nyumba iandikwe peke yake, bei ya nafasi ya gari peke yake, na mnunuzi awe na haki ya kuikataa hiyo ya pili.

Tufanye hesabu ya mfano. Nafasi inauzwa dola 40,000. Mnunuzi anakopa zote benki kwa riba ya asilimia 6, alipe kwa miaka 30. Malipo ni karibu dola 240 kwa mwezi. Tuseme ada ya kuitunza nafasi hiyo ni dola 60. Jumla ni dola 300 kwa mwezi, yaani dola 3,600 kwa mwaka, na baada ya miaka 30 ni dola 108,000. Hapo gari lenyewe halijanunuliwa, wala petroli na bima hazijalipwa.

Hatusemi kwamba nafasi ya gari haifai kamwe. Minneapolis wakati wa baridi kipimo hushuka chini ya sifuri kwa wiki kadhaa, theluji hujaa barabarani, na mfanyakazi wa zamu ya usiku ambaye basi lake limekwisha kulala hana njia nyingine. Huyo anunue, lakini ajue ananunua nini. Nafasi nyingine zina hati yake mwenyewe na zinaweza kuuzwa. Nyingine ni mali ya wenye fleti wote, ila zimetengwa kwa fleti fulani. Nyingine ni za kugawiwa tu na kamati, na kilichogawiwa leo kinaweza kugawiwa upya kesho. Muuzaji akisema tu "fleti ina maegesho," hajasema kitu bado.

ANASA NI ANASA, MATENGENEZO NI MATENGENEZO

Sasa tuje kwenye ada ya kila mwezi. Kila jengo la namna hii lina umoja wa wenye fleti, na kila mwenye fleti ni mwanachama, apende asipende. Umoja hutoza ada. Asiyelipa hudaiwa, na katika majimbo mengi anaweza hata kuuziwa fleti yake. Benki nayo huihesabu ada hiyo inapopima kama mkopaji ataweza kulipa. Basi ada si jambo la pembeni.

Tukichukua tena mfano: bwawa la kuogelea na mhudumu wake vinagharimu dola 48,000 kwa mwaka. Jengo likiwa na fleti 200, zikigawana sawa, kila fleti inachanga dola 20 kwa mwezi. Likiwa na fleti 40, kila moja inachanga dola 100, hata kama mwenyewe hajui kuogelea. Kiwanda cha zamani kilichogeuzwa makazi mara nyingi huwa na fleti chache. Kwa hiyo anasa ileile humwumiza zaidi anayeishi humo. Anayesoma tangazo huona bwawa. Ni wachache wanaohesabu milango.

Lakini tahadhari, ndugu. Ada ndogo nayo ni mtego. Mjenzi anayetaka kuuza haraka huweka ada ya chini mwanzoni, na maadamu fleti nyingi hazijauzwa, yeye ndiye mwenye kauli katika kamati. Akishaondoka, lifti huharibika, paa huvuja, na mfuko wa akiba hauna kitu. Hapo hutozwa mchango wa ghafla.

Tuliona mwisho mbaya wa jambo hilo mjini Surfside, Florida. Usiku wa tarehe 24 Juni 2021, jengo la ghorofa 12 liitwalo Champlain Towers South, lililojengwa mwaka 1981, liliporomoka, na watu 98 wakafa. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa amekwisha kuandika kwamba zege chini ya uwanja wa bwawa limeharibiwa na maji yasiyokuwa na njia ya kutoka, na kwamba nguzo za maegesho zina nyufa. Matengenezo yalikadiriwa kufika dola milioni 15. Wenye fleti walibishana, viongozi wakajiuzulu, na mchango, uliozidi dola 80,000 hata kwa fleti ndogo, ulipopitishwa hatimaye, siku zilikuwa zimekwisha. Mwaka 2022 jimbo hilo lilipitisha sheria ya ukaguzi wa lazima na ya akiba ambayo wanachama hawawezi kuikwepa kwa kura. Ada zikapanda, na wastaafu wengi wakalia. Kilio chao ni cha haki, kwani walibebeshwa kwa mkupuo deni la miaka mingi. Lakini deni lilikuwapo tangu zamani, ila halikuandikwa.

Sisi wa chama tunalielewa jambo hili kuliko wengi. Mwanachama anayesema "ada ipunguzwe" bila kuuliza mfuko wa dharura una kiasi gani, siku ya mgomo ndipo hujua alichokiokoa. Ada si adui. Adui ni ada isiyotolewa hesabu.

TUSIPUNGUZE KWENYE MSHAHARA WA MFAGIAJI

Kuna njia moja ya kupunguza ada ambayo tunaipinga waziwazi. Kamati nyingi, zikibanwa, haziligusi bwawa wala chumba cha mazoezi. Humwondoa mfagiaji na mlinzi wa kudumu, wakaleta kampuni ya mkataba yenye mshahara mdogo. Huko Minneapolis wafagiaji na walinzi wa majengo wana chama chao, SEIU Local 26, ambacho kina wanachama wengi wahamiaji, wakiwamo waliotoka Afrika Mashariki. Mfanyakazi anayenunua fleti asipige kura ya kumnyima mfanyakazi mwenziwe. Ikibidi kupunguza, maji ya bwawa yamwagwe kwanza.

NA HUKU KWETU

Tanzania ilitunga sheria ya kumiliki sehemu ya jengo mwaka 2008, na Kenya ikatunga mpya mwaka 2020. Majengo yanainuka Dar es Salaam na Nairobi, na ada ya huduma inakuja pamoja nayo. Tofauti ni kwamba kwetu kisima, jenereta na mlinzi si anasa. Umeme ukikatika mtu wa ghorofa ya nane atapanda ngazi na ndoo kichwani. Lakini swali ni lilelile: nani anapanga ada, na nani anaona hesabu?

Basi kila mwanachama, awe huku au ughaibuni, kabla ya kutia sahihi aulize haya:

1. Bei ya fleti bila nafasi ya gari ni ngapi, na nafasi hiyo ina hati gani?
2. Ada imepanda mara ngapi tangu jengo lifunguliwe?
3. Mfuko wa akiba una kiasi gani, na jengo lilikaguliwa lini?
4. Fleti ni ngapi, na wangapi hawalipi?
5. Kumbukumbu za mikutano ya kamati ziko wapi, nizisome?

Muuzaji akikataa kujibu, amejibu. Na ukishanunua, hudhuria mikutano. Kazini tumejifunza kwamba asiyehudhuria huamuliwa na wengine. Nyumbani hali haibadiliki. Ndugu yako akikuandikia kutoka mbali kwamba amepata fleti nzuri yenye bwawa na maegesho, mpe hongera, kisha mpelekee maswali haya matano kabla hajatuma fedha.