Janti iliyopinda inaweza kulisha nyumba



Juma lililopita, tulipomaliza mkutano wa akiba hapa Bukavu, mama mmoja alibaki nyuma wakati wengine walikuwa wanafunga vitenge vyao na kwenda. Binti yake amekaa zaidi ya mwaka kwa kwado, akijifunza kutoa tairi, kuziba mipira ya ndani na kunyoosha janti za pikipiki. Sasa anataka kufungua kazi yake mwenyewe. Ameona kwenye simu mashini kubwa ya kunyoosha janti, yenye mota na mikono ya mafuta, na amemwomba mama yake akope kwenye sanduku letu ili wainunue. Mama aliniuliza: "Dada, hii ni kazi ya kweli, ao tutatupa feza za wamama ziwani?"

Nilimjibu pale pale kwa ufupi, na leo najibu kwa urefu, kwa sababu najua si yeye peke yake mwenye swali hilo. Kazi ni ya kweli. Lakini mashini ile si ya kuanza nayo.

Kwa nini kazi ipo

Kila mtu aliyepanda pikipiki mjini mwetu anajua barabara zetu. Kuna mawe, kuna mashimo, na wakati wa mvua shimo linajaa maji hata motari halioni. Gurudumu likiingia humo kwa nguvu, tairi linakandamizwa mpaka chuma cha janti kinagonga jiwe. Kama upepo ni kidogo ndani ya tairi, ao kama pikipiki imebeba watu wawili na gunia, janti inapinda upesi zaidi. Magari yanayoteremka Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira nayo yanarudi na magurudumu yaliyoumia.

Motari ambaye janti yake imepinda hawezi kungoja juma moja. Kila siku anapaswa kumpelekea mwenye pikipiki feza waliyopatana. Janti mpya ni bei kali kwake, na ile ya okazioni pengine imepinda vilevile. Kwa hiyo anatafuta mtu wa kumnyooshea leo. Makwado wengi wanaziba tairi tu. Wakipewa janti wanaigonga nyundo mara tatu na kusema imekwisha. Binti anayejua kuinyoosha sawasawa atapata wateja, na hata makwado wenyewe watamletea kazi.

Janti si za namna moja

Ya kwanza ni janti ya rayo, zile nyuzi za chuma zinazoishika kutoka katikati. Pikipiki nyingi za kazi zinayo, na mara nyingi gurudumu moja lina rayo 36. Hii ndiyo shule nzuri ya mwanzo. Gurudumu linapoyumba, mara nyingi janti yenyewe haijafa, ni rayo ambazo zimelegea ao zimevunjika.

Ya pili ni janti ya chuma ya gari. Chuma kinapinda na kinakubali kurudishwa, kwa nyundo na ubao ao kwa kusukumwa na jeki, bila moto.

Ya tatu ni janti ya alumini, ile inayong'aa. Hapa tuwe waangalifu. Alumini ikigongwa ikiwa baridi, inaweza kupasuka. Ikichomwa moto, inapoteza ugumu iliopewa kiwandani, na macho hayaoni hatari, maana alumini haigeuki nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka. Chuma cha pua kinayeyuka karibu na nyuzi joto 1.500, alumini safi kwenye 660 tu. Binti anayeanza aisafishe janti ya alumini, atafute inapovuja upepo, lakini asiikubali kuinyoosha mpaka apate mwalimu na vyombo vyake.

Vyombo vya kuanza

Daraja la kwanza ni vyombo vya mkono. Anahitaji vyuma vya kutolea tairi, ufunguo wa rayo, nyundo ya mpira na nyundo ya chuma, vipande vya ubao mgumu, brosi ya waya, tupa, pampu ya mguu, na kipimo cha upepo. Aongeze rayo za akiba za urefu unaotumika sana katika mtaa wake. Aongeze pia meza ya kuzungushia gurudumu. Meza hiyo haiagizwi mbali: fundi wa kuunganisha vyuma anaweza kuitengeneza kwa uma wa pikipiki mzee uliofungwa kwenye msingi mzito.

Meza hiyo ndiyo jicho lake. Gurudumu linawekwa juu, linazungushwa polepole, na ncha ya waya inawekwa karibu sana na ukingo wa janti. Pale inapogusa waya, anatia alama ya chaki. Kama janti imeelekea kuume, analegeza rayo za kuume kidogo na kukaza za kushoto kidogo, robo ya mzunguko kwa mara moja, kisha anazungusha tena. Akikaza kwa hasira anaharibu upande mwingine. Vitabu vya utengenezaji vya pikipiki nyingi vinaweka mwisho wa kuyumba kwenye milimita 2, kwa pembeni na kwa juu na chini pia. Akimaliza, anakata kwa tupa ncha za rayo zilizotokeza na kufunika kwa ukanda wa mpira, la sivyo zitatoboa mpira wa ndani kesho yake, na mteja atasema fundi ni mwizi.

Daraja la pili ni kompresa ndogo, na fremu ya chuma yenye jeki ya mafuta kwa janti za chuma za gari. Fremu hiyo nayo inaweza kutengenezwa hapa, lakini kwa fundi hodari, maana jeki ikiteleza inaua. Vyombo hivi vinunuliwe kwa faida ya daraja la kwanza, si kwa deni lingine.

Daraja la tatu ni mashini ile ya kwenye simu. Inataka umeme usiokatika, vipuri vinavyotoka mbali, na mtu aliyefundishwa kuiongoza. Siku yake inaweza kufika. Isiwe ya kwanza.

Tupige hesabu pamoja

Ninachukua mfano tu. Bei za kweli mziulize wenyewe sokoni, kwa wauzaji watatu.

Tuseme binti amekopa franka 300.000 kwa vyombo vya mkono. Sanduku linadai 5 kwa 100 kila mwezi, kwa miezi 3. Atarudisha 345.000, ni kusema 115.000 kwa mwezi. Kama anafanya kazi siku 25, kila siku lazima atenge 4.600 kwa ajili ya deni. Tuseme kila gurudumu linamwachia 3.000 baada ya kutoa matumizi. Magurudumu mawili kwa siku ni 6.000: deni linalipwa, yeye anabaki na 1.400. Magurudumu matatu yanamwachia 4.400. Hiyo inawezekana.

Sasa tuseme amenunua mashini ya 3.000.000, mara kumi ya hapo, kwa muda uleule. Kila siku lazima atenge 46.000. Hiyo ni magurudumu 16 kila siku kabla hajanunua hata mkate. Ni nani atamletea magurudumu 16, jua na mvua, umeme ukiwa na ukikosa? Na akishindwa, hashindwi peke yake. Ile ni karo ya watoto wa wenzake, ni dawa ya mama mzee, ni mtaji wa mwenye kuuza ndagala. Sanduku si la mtu mmoja.

Janti ya kukataa

Wamama, hapa ndipo ninawaomba msome mara mbili. Katika mishona, ukikosea, nguo inabana. Katika janti, ukikosea, mtu anaanguka, na pengine mgongoni ana mtoto. Kwa hiyo fundi mzuri wa janti anajulikana pia kwa kazi anazozikataa.

Akatae janti yenye ufa. Tumezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa janti hauzibwi kwa rangi wala kwa kuunganisha barabarani. Kuutafuta si vigumu: asafishe janti, apake chaki upande mmoja, apake petroli ya taa upande wa pili, angoje, mbali na moto. Petroli ikipita, mstari utaonekana kwenye chaki.

Akatae janti ambayo matundu ya skrubu yamepanuka, ao ile ambayo bamba lake la katikati limepinda. Hapo ndipo gurudumu lote linashikwa.

Akatae janti ya lori yenye pete ya kufungia. Pete hiyo ikiruka wakati wa kujaza upepo, inaruka kama risasi. Kazi hiyo inataka kizimba cha chuma na fundi aliyeizoea.

Na asikubali hata siku moja kuchoma ao kuunganisha janti ambayo tairi bado liko juu yake. Hata kama upepo umetolewa, joto linaweza kulipasua tairi na kumuua fundi pamoja na aliyesimama kuangalia. Tairi litoke kwanza, kila mara.

Mteja atakasirika na kusema, "Mwenzako wa kule juu atanifanyia." Amwache aende. Aandike kwenye daftari: tarehe, janti ya namna gani, sababu ya kukataa. Daftari hilohilo liandikwe na kazi zilizofanywa na feza zilizoingia, maana sanduku litataka kuliona.

Mahali, mwili na karatasi

Mahali pawe pa tambarare, karibu na wanapongojea wamotari, lakini si ukingoni mwa mteremko ambapo lori likikosa breki linakuja moja kwa moja. Watoto wasichezee karibu na kompresa. Binti avae salopeti na viatu vya kufunika vidole, afunge nywele, avae miwani ya kazi anapopiga brosi ao kugonga. Kitenge kinasubiri nyumbani. Anapojaza upepo asiinamishe uso juu ya tairi, na afuate kilo zilizoandikwa kwa gurudumu lile, asikadirie kwa kupiga teke.

Asifungue mlango jirani na fundi aliyemfundisha. Aende kumuaga na kumshukuru, amwambie anataka kazi ya janti hasa. Aliyekufundisha anaweza kuwa wa kwanza kukuletea wateja, ao wa kwanza kukuharibia jina.

Kwa karatasi, aulize kwenye ofisi ya komini kuhusu patenti, na kila anacholipa adai risiti. Akitaka kuongeza ujuzi, kuna INPP, ambayo kazi yake ni kufundisha ufundi. Na kwa wamama walioolewa wanaoogopa kuweka sahihi: sheria ya familia ya 1987 ilitaka mke apate ruhusa ya mume. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo, na sasa inasema mume na mke wapatane. Kwa hiyo ongeeni nyumbani kabla ya kukopa. Deni lililofichwa linazaa vita.

Mama alisema nini

Nilipomaliza kumweleza, yule mama alicheka kidogo, kisha akasema: "Basi nitamwambia mtoto tuanze na meza." Nilimwambia amlete binti mwenyewe kwenye mkutano ujao, na gurudumu moja lililopinda, alinyooshe mbele yetu. Tutaona kazi ya mikono yake kabla ya kufungua sanduku. Nadhani kila kikundi kingeweza kufanya hivyo kwa kila mkopo wa ufundi, iwe mishona, sabuni ao janti.

Nyinyi pia, katika vikundi vyenu, zungumzeni juma hili: kuna binti ao kijana gani kwetu ambaye ana ujuzi tayari, na anakosa tu vyombo vya mkono? Pengine feza mnazotafutia biashara zinaweza kuanza kwake.