MCHORAJI ALIPIGWA RISASI, KINYAGO KIKAVUKA MPAKA

Ndugu msomaji, wewe kijana wa Manzese au Tandika unayesoma gazeti hili kijiweni kwa zamu, hebu nijibu: Tingatinga ni nani? Usinionyeshe trekta. Nauliza mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Mlalahoi kama wewe. Alifanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kubangaiza. Mwaka 1968 akaanza kuchora kule Oysterbay, kwenye vipande vya silingibodi, kwa rangi za kupaka baiskeli. Hakwenda chuo cha sanaa. Wazungu wakanunua, ndugu na jamaa wakaja kujifunza kwake, mtindo ukachukua jina lake.

Miaka minne tu! Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi, wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Ukawa mwisho wake.

Weka hiyo kichwani, sasa sikia ya pili. Mwaka 1984 wezi waliiba Makumbusho ya Taifa, hapahapa Dar. Kati ya walivyobeba kilikuwemo kinyago cha Kimakonde, kile cha kuvaa usoni wakati wa jando. Kinyago kikavuka mpaka, kikaja kuonekana Geneva, Uswisi, kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, iliyokuwa imekinunua. Kilikabidhiwa kwetu Mei 2010. Piga hesabu mwenyewe: miaka 26!

Umeona maajabu hayo? Mtu anayeleta sanaa anadhaniwa mwizi, risasi inamfikia mara moja. Mwizi wa kweli wa sanaa anapita na mzigo wake, na wenye dola wamelala fofofo. Mwaka 1972 chama kilichotawala kiliitwa TANU, mwaka 1984 kikaitwa CCM. Ukoo ni ule ule. Nyani haoni kundule.

Leo jina la marehemu linauza. Kila mtalii anataka kurudi kwao na tembo wa tingatinga. Vizuri, vijana wanapata ugali. Lakini kazi za mkono wake mwenyewe, zile alizotia sahihi yeye, nyingi zimo mikononi mwa wakusanyaji wa nje. Mwanao akitaka kuziona, atahitaji pasipoti. Na kijana anayechora leo, mnunuzi hamuulizi hata jina. Anauliza bei, anapunguza, anaondoka.

Watakuambia, “Nchi yetu maskini, kwanza dawa na madawati.” Tumewasikia. Dawa zikikosekana wanasema hivyo, madawati yakikosekana wanasema hivyo, lakini mafuta ya mashangingi hayajawahi kukosekana! Hatuombi ikulu ya picha. Tunataka serikali inunue kazi za wachoraji wetu wakiwa hai, kila mwaka, kwa bei ya haki. Iziweke mahali pa kudumu penye ulinzi wa kweli, kiingilio kiwe cha mwenye daladala na mpiga debe wake, na kila picha iandikwe jina la aliyeichora. Basi.

Na wewe usicheke ukidhani haya ni mambo ya wazungu. Aliyechora chui kwa rangi ya baiskeli hakuwa mzungu wala msomi. Alikuwa mtu wa mtaani asiye na kazi ya maana, mwenye kipaji na silingibodi. Yaani wewe. Taifa linalomthamini mtu wa namna hiyo baada tu ya kumzika, litakuthamini wewe lini?

Mgombea akija mtaani kwenu na fulana na kofia, pokea fulana, ni kodi yako. Kisha muulize mbele ya watu: picha za Tingatinga ziko wapi? Akianza kukueleza habari za trekta, umeshajua kura yako usimpe nani.