Malenga Aliyepewa Jina la Meli

Malenga wetu wana desturi ya kujitaja. Ubeti wa mwisho huja na jina la mtunzi, pengine na mji wake, ili utungo usipotee njia kama mtoto asiye na kwao. Niliizoea desturi hiyo hata nisione thamani yake, mpaka nilipozunguka kwa miguu mji wa Boston, Marekani, nikitazama mahali palipohifadhi historia ya watu weusi.

Nilianzia kwenye mnara wa Kikosi cha 54, askari weusi waliopigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mnara ulizinduliwa mwaka 1897 ukiwa na majina ya maofisa weupe waliouawa. Majina ya askari weusi waliokufa pamoja nao yalichongwa miaka ya 1980. Nikapanda mtaa wa Beacon Hill hadi African Meeting House, kanisa lililojengwa mwaka 1806, sehemu kubwa kwa mikono ya mafundi weusi. Humo, mwaka 1832, kiliasisiwa chama cha kupinga utumwa.

Nikamalizia Commonwealth Avenue, penye sanamu ya Phillis Wheatley. Aliletwa Boston mwaka 1761, mtoto wa miaka saba au minane hivi. Phillis lilikuwa jina la meli iliyomleta. Wheatley, jina la familia iliyomnunua. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Alipotunga diwani, watu 18 wenye vyeo mjini walitia saini kuthibitisha kwamba mashairi ni yake. Diwani ilichapishwa London mwaka 1773. Alifariki mwaka 1784, na kaburi lake halina alama.

Wapo wasemao kwamba huyu si malenga wetu, kwa kuwa alitunga kwa lugha ya waliomnunua. Siafikiani nao. Mtoto aliyenyang'anywa lugha halaumiwi kwa kutumia ile aliyoachiwa. Lawama, ikiwa ipo, itushukie sisi tuliorithi lugha nzima pamoja na bahari zake, vina na mizani, kisha tukaona haya kuitungia.

Mbele ya sanamu ile nilijaribu kutunga ubeti. Nilipofika mahali pa kumtaja, nikasita: nimwiteje? Kumwita Phillis ni kuitaja meli. Nikakumbuka kwamba jina hilo ndilo lililochapwa kwenye jalada la diwani yake. Meli ile leo haikumbukwi ila kwa sababu yake. Nikamtaja kwa jina hilo.

Malenga wenzangu, mkifika katika mji wowote, msitosheke kupiga picha na sanamu. Ulizeni ni majina ya nani yaliyochongwa, lini, na ya nani yaliyoachwa. Nanyi mkifunga tungo zenu, jitajeni bila haya.