Usimpelekee karani jedwali zima

Leo nina neno na wenzangu tunaounda mifumo ya vyama vya akiba na mikopo, shule na zahanati. Neno lenyewe ni kuhusu majedwali: yale yenye kisanduku cha kutafuta juu, mishale ya kupanga kwenye vichwa vya safu, na vitufe vya kurasa chini.

Jedwali kama hilo halichukui dakika kumi siku hizi. Unapakia DataTables, ile programu-jalizi ya jQuery iliyoandikwa na Allan Jardine, unaongeza mstari mmoja wa JavaScript, kwisha. Mteja anafurahi. Ila kwa mstari huo mmoja, kazi yote inafanyika ndani ya kivinjari. Seva imeshatuma wanachama wote, kivinjari kinaonyesha kumi na kuwaficha waliobaki.

Hebu piga hesabu. Tuseme mwanachama mmoja, na jina lake, kitambulisho, simu, tawi na salio, anachukua baiti 400. Wanachama 40,000 ni megabaiti 16, kila mara karani anapofungua ukurasa. Kama tawi liko Lodwar na intaneti yake ni ya modemu ya simu, foleni itafika nje. Wewe uliyejaribu na wanachama 50 wa kubuni hukuona kitu.

Tena kasi ndiyo shida ndogo. Wale waliofichwa wamo kwenye ukurasa, na yeyote anayejua kufungua msimbo wake anaweza kuwanakili wote, salio na vitambulisho. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ya mtu itumike kwa kiasi kinachohitajika tu. Karani alikuwa anamhudumia mtu mmoja.

Kazi hii ni ya hifadhidata. DataTables yenyewe inakubali: ukiweka serverSide kuwa true, inatuma start, length, neno la kutafuta na safu ya kupangia, nawe unajibu kwa recordsTotal, recordsFiltered na mistari 25 tu ya data. Kuna pia draw, nambari ya kulinganisha ombi na jibu. Igeuze kuwa namba kamili kabla ya kuirudisha, isije ikabeba msimbo hasidi.

Sasa ORDER BY. Wengi wetu tumeshajifunza kuweka alama ya kuuliza kwenye WHERE na kuipitisha thamani kando. Jina la safu haliwezi kupitishwa hivyo, kwa hivyo watu wanalichukua kutoka kwenye ombi na kulibandika ndani ya SQL jinsi lilivyo. Jamani! Andika orodha ya safu unazoruhusu, nyingine zote zikatae.

Na ukipanga kwa tawi, malizia na id: ORDER BY tawi, id. Tawi moja likiwa na watu 3,000, hifadhidata hailazimiki kuwaweka katika mfuatano uleule kila ikiulizwa. Mtu anaweza kuonekana ukurasa wa pili na tena wa tatu, na mwingine asionekane popote. Huyo asiyeonekana ndiye mama aliyesimama dirishani akiambiwa kwamba hayumo kwenye mfumo.

Kutafuta ndiko kugumu zaidi, na hapa kuhamia kwenye seva kuna gharama yake. Kikiwa ndani ya kivinjari, kisanduku cha DataTables hukubali maneno kwa mpangilio wowote. Ukihamia kwenye seva na kuandika LIKE '%wanjiku mary%' tu, Mary Wanjiku hatapatikana. Yagawe maneno, kila moja litafutwe peke yake. Simu nayo mmoja ameiandika kwa 07, mwingine kwa 2547, wa tatu kwa alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Hifadhi umbo moja na uligeuze neno la kutafuta kwa umbo hilohilo. Halafu ukumbuke kwamba LIKE inayoanza na % hainufaiki na faharasa ya kawaida; wa PostgreSQL wana pg_trgm kwa kazi hiyo.

Jedwali la miamala likifika mamilioni, OFFSET 2000000 itasoma mistari milioni mbili na kuitupa ili ikupe 25. Afadhali WHERE id < ya mwisho uliyoonyesha, ORDER BY id DESC LIMIT 25. Utapoteza uwezo wa kuruka hadi ukurasa wa 1,583, lakini sijaona mtu mwenye shughuli huko.

Sisemi kila jedwali litendewe hivi. Kaunti zetu ni 47; zipakie zote na uende ukanywe chai. Lakini la wanachama, kabla hujamkabidhi mteja, lijaze majina 100,000 ya kubuni, ulifungue kwa simu ya bei nafuu kwenye mtandao wa 3G, kisha umtafute mtu kwa jina lake la tatu.