Jeti ndogo si gari la kutembelea



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu watu wanaotamani kumiliki jeti ndogo na kuirusha wenyewe. Mimi ni fundi wa ndege mstaafu, na nimechoka kusikia vijiweni kwamba ukiwa na fedha umemaliza.

Wenye kudhani hivyo watazame Marekani. Kampuni ya Eclipse ya Albuquerque iliahidi jeti ndogo kwa bei isiyofika dola milioni 1. Watu wakatoa malipo ya awali. Novemba 2008 kampuni ikakimbilia mahakamani kwa kuelemewa na madeni. Wengi waliolipa wakangoja ndege zisizokuja, na waliozipata wakahangaikia vipuri.

Hata ndege nzuri ina masharti yake. Cirrus Vision ina injini moja na mwavuli wa kuiteremsha nzima, lakini Aprili 2019 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani walizizuia zisiruke mpaka kifaa chake kimoja kibadilishwe. Mwenye ndege akaegesha, huku bima na kodi ya banda zikiendelea.

Tena, leseni ya kawaida haitoshi. Ni lazima rubani afunzwe na kutahiniwa kwa ndege ya aina hiyo. Wengine huona huo ni usumbufu. Mimi nasema masharti hayo yasilegezwe kwa tajiri yeyote. Gari likizimika utalisukuma kando ya barabara. Angani hakuna kando, na chini wamo watu wasio na ndege.

Fundi Mstaafu,
Dar es Salaam.