Pumzi ya Mjamzito Isipuuzwe

Imekuwa desturi kwa baadhi yetu, tena tuliosoma, kudhani kwamba maradhi ya moyo ni ya wanene wenye magari. Dhana hiyo ni kasumba, na kasumba hiyo inaua kina mama.

Ugonjwa wa moyo unaowapata wajawazito wengi katika nchi maskini hautokani na shibe. Huanzia kooni. Mtoto wa shule huugua mafindofindo yaletwayo na bakteria, akaambiwa asukutue maji ya chumvi. Baada ya wiki mbili tatu viungo humvimba na homa hupanda: hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Homa hupita, lakini vali za moyo huweza kubaki na makovu. Wenye nacho duniani wameyasahau maradhi haya, si kwa sababu damu yao ni bora, bali kwa sababu wana nyumba zenye nafasi na penisilini iliyo karibu.

Binti yule hukua, akaolewa, akashika mimba. Hapo ndipo deni linapodaiwa. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na moyo hauna budi kuisukuma yote. Vali iliyosinyaa haipitishi wingi huo. Damu hurundikana nyuma yake, mapafu yakajaa maji. Mama hawezi kulala chali, huamka usiku akihema. Akifika kliniki anaambiwa nini? "Ni mimba tu, mama, vumilia."

Nasema bila kumung'unya maneno: jibu hilo ni uzembe. Wanaolitetea watataja uhaba wa wahudumu na vipimo. Ni kweli kwamba uchovu na kuhema kidogo ni kawaida ya mimba, wala simlaumu mkunga aliyesimama tangu alfajiri. Lakini kukosa pumzi ukiwa umelala na kukohoa usiku si kawaida, na kumwuliza mama habari hizo hakuhitaji fedha za kigeni. Kusikiliza moyo kwa kile chombo kinachoning'inia shingoni mwa daktari hakuhitaji hata umeme.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, zipo dawa za kupunguza maji na kutuliza mapigo. Vali iliyobana huweza kupanuliwa kwa puto lipitishwalo mshipani, hata mimba ikiwapo. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 huendelea. Mwenye vali ya bandia ya chuma asiache warfarini kwa hofu, wala asiendelee nayo kwa mazoea, kwani huweza kumdhuru mtoto tumboni. Amwone daktari mara moja. Na akijifungua asiruhusiwe upesi: siku za mwanzo baada ya uzazi zina hatari kubwa.

Wapo pia wanaomkaripia: kwa nini ulibeba mimba? Swali hilo lilipaswa kuulizwa kwa upole kabla ya mimba, katika ushauri wa uzazi wa mpango, si kwa matusi kitandani.

Tunajivunia, na ni haki yetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Lakini taasisi haiwezi kumtibu mama ambaye wilayani hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya redio. Nchi iliyoweza hayo inashindwaje kuwaeleza walimu wake habari za koo? Mwalimu asomaye ukurasa huu huenda leo ana darasani mtoto asiyeweza kumeza mate. Amwandikie ruhusa ya kwenda zahanati kabla ya kengele ya saa nne.